Nilivyojiandaa kwa Kazi ya Programu Nikiwa Masomoni, Shahada ya Uzamili

Uzamili hauachi nafasi ya mradi wa pembeni, kwa hiyo msimbo wa tasnifu ndio nilioufanya mradi wenyewe. Mwajiri anataka kuona programu inayofanya kazi kwenye kompyuta isiyo yako, na msimbo mwingi wa utafiti hukwama hapo hapo.

Nilianza na Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Kila badiliko dogo lina komiti yake (rekodi iliyohifadhiwa ya badiliko hilo), na ujumbe unaoeleza sababu. Kilichobadilika Git yenyewe inakionyesha. Folda ya data niliiandika kwenye .gitignore (orodha ya vitu ambavyo Git haitavigusa) kabla ya komiti ya kwanza. Ukishaingiza majibu ya dodoso au nywila ya hazinadata, kufuta faili baadaye hakusaidii: historia bado inalo. Nywila ya namna hiyo ibadilishwe mara moja. GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, nayo hukataa faili linalozidi MB 100, na itaendelea kukataa hata ukishalifuta, mpaka uliondoe kwenye historia.

Kilicholipa kuliko vyote ni kuhamisha uchambuzi kutoka notibuku ya Jupyter (ukurasa wa msimbo uliogawanywa katika seli zinazoendeshwa moja moja) kwenda kwenye mafaili ya kawaida ya Python. Notibuku ni nzuri kwa kuichungulia data, lakini seli zake huendeshwa kwa mpangilio wowote. Unafuta mstari uliounda kigeu, kigeu kinabaki kwenye kumbukumbu, mambo yanaenda vizuri mpaka siku utakapoifungua upya. Kwa hiyo kwanza nilianzisha upya kerneli (injini inayoendesha msimbo wa notibuku) na kuendesha seli zote kutoka juu. Ilipopita, ndipo nilipoikata kuwa funksheni fupi zinazopokea data na kurudisha jibu. Ndani yake hamna anwani za aina ya C:\Users, zilizopo kwenye kompyuta yangu tu. Mahali lilipo faili hutajwa wakati wa kuendesha programu.

Majaribio niliyaandika kwa pytest, zana ya kupima msimbo wa Python. Kila funksheni ilipewa data ya kawaida, orodha tupu, na safu yenye thamani iliyokosekana (hapa ndipo hitilafu nyingi hujificha). Namba za desimali usizilinganishe kwa ==, maana Python ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Tumia pytest.approx.

Matoleo ya maktaba (msimbo wa wengine ambao programu yako inautumia) yaandikwe kamili kwenye faili la requirements.txt, mfano pandas==2.2.2. Halafu tengeneza mazingira mapya kwa venv (zana ya Python inayotenga maktaba za mradi mmoja), nakili mradi kutoka GitHub, ufuate README (faili la maelekezo ya mradi) neno kwa neno bila kuongeza chochote kutoka kichwani. Maktaba uliyosahau kuitaja itajitokeza yenyewe.

Kwa usaili nilifanya mazoezi mafupi ya kila siku: orodha, majedwali ya hashi (kupata thamani kwa ufunguo wake), utafutaji wa nusu kwa nusu, rikasheni (funksheni inayojiita yenyewe). Andika bila msaada wa kihariri, huku ukieleza kwa sauti. SQL, lugha ya kuulizia hazinadata, watu wa utafiti huidharau, ilhali huulizwa sana. Mtego mmoja: umetumia LEFT JOIN, inayounganisha majedwali mawili na kubakiza safu zote za jedwali la kushoto, kisha ukaweka kwenye WHERE sharti la jedwali la kulia, kama b.hali = 'hai' (b ni jedwali la kulia). Safu zisizo na mwenzi zina NULL (hakuna thamani) upande wa kulia, haziwezi kutimiza sharti hilo, zinatoweka, na unabaki na matokeo ya INNER JOIN, yaani safu zenye mwenzi tu. Hamishia sharti kwenye ON, sehemu inayosema majedwali yaunganishwe vipi.

Kabla ya kuuweka mradi hadharani, muulize msimamizi kwa maandishi nani anamiliki msimbo, hasa kama utafiti una mfadhili. Akikubali, weka leseni, mfano ile iitwayo MIT. Bila leseni wengine hawana ruhusa ya kuutumia msimbo wako hata kama wanauona.