Kinachoua maua ya milimani sio baridi

Leo asubuhi nimekuta hepatika, mmea mdogo wa msituni wa nchi za baridi, imefungua ua la kwanza, la bluu, dogo kama kifungo cha shati, majani ya mwaka jana bado yamelala chini yameshakua kahawia na kikonyo kina vinywele vyeupe laini, yaani nimechuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Wengi wanadhani maua ya milimani yanakufa kwa baridi, hapana jamani, kinachoyaua ni maji kutuama kwenye shina. Kule kwao theluji inayafunika kipindi chote cha baridi yanakaa makavu, kwahiyo nyumbani changanya udongo na changarawe nusu kwa nusu halafu zungushia kokoto juu, sentimita 2 hivi. Saksifraga zangu, mimea ya milimani hiyo, zilioza zote msimu mmoja kabla sijalielewa hili, na iliniuma sana.

Maua ya msituni ni habari nyingine, yanataka majani yaliyooza vizuri, mi majani hayo nayaacha kwenye kiroba miaka 2, na maua yenyewe yanachanua mapema ili yawahi jua kabla miti haijatoa majani.

Triliamu, ua la msituni lenye petali tatu, kuiotesha kwa mbegu inataka moyo, inaweza kufika miaka 7 ndo uone ua. Panda mbegu ikiwa mbichi, ikikauka inagoma kuota. Ina kinyama chenye mafuta ambacho sisimizi wanakipenda, wanaibeba mpaka kwenye shimo lao, na juzi nimeona mche mmoja umejiotea katikati ya mawe, mbali kabisa na mama yake, nimeuacha hapohapo.