Milingoti ya mkonge kwa nyuki seremala wa pasheni

Pasheni ya njano haizai kwa chavua yake yenyewe, inataka ya mmea mwingine. Nyuki wa mzingani ni mdogo mno kwa kazi hiyo: anapita chini ya zile ncha tatu za kike za ua, zinazopokea chavua, bila kuzigusa, anakomba chavua, anaondoka nayo. Kwangu Muheza kazi inafanywa na nyuki seremala, Xylocopa caffra. Jike ni mweusi mwenye mikanda miwili ya manjano kiunoni; dume ni njano-kijani mwili mzima, wala hana mwiba. Hawana malkia. Kila jike hujichongea kiota chake ndani ya mti mkavu.

Nyumba yake nimeitengeneza kwa mlingoti wa mkonge uliokwisha toa maua ukakaukia shambani. Mbichi huota ukungu, kisha hupasuka, na penye ufa hakai. Nakata vipande vya sm 60, unene wa sm 8 hadi 10. Kila kipande natoboa kwa keekee tundu moja la mm 12, kina sm 3 tu. Nilipotoboa zaidi, waliohamia ni sisimizi. Nakilaza kwa waya chini ya upenu, mita 1.5 kutoka ardhini, waya nimeupaka grisi.

Ukiona unga wa mbao umedondoka chini, usiguse tena. Ndani anapanga vyumba kwa foleni: kila kimoja donge la chavua na mbochi (maji matamu ya ua), yai moja juu yake, kisha ukuta wa unga ulioshindiliwa. Jike ana kimfuko tumboni chenye utitiri. Si ugonjwa, usimpulizie kitu.

Dawa ndiyo inayowamaliza. Ua la njano hufunguka karibu na saa sita mchana, hufunga jioni; napuliza baada ya kufunga, tena mbali na vipande, maana saa hiyo wamo ndani. Ua la pasheni peke yake haliwatoshi, kwa hiyo kingoni nimepanda marejea na mbaazi.

Asipofika wa kutosha, chavua naihamisha mwenyewe kwa kidole alasiri, kutoka mmea mmoja hadi mwingine, nikingoja kwanza zile ncha za kike ziiname. Zilizobaki wima hata nyuki hazifikii.