Mombasa wakati wa kusi

Sisi wa bara Mombasa tunaijua ya Desemba: hoteli zimepandisha bei, na pale ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates, hata pa kuweka ndala hapapatikani. Safari hii niliteremka Julai, kusi, yaani upepo wa msimu utokao kusini, ikiwa imeshika. Treni ya Madaraka Express huchukua kama saa tano kutoka Nairobi, na ukiwahi kiti cha dirishani utawaona ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi la kwao. Stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo jiandae kwa matatu ya kuingia mjini.

Nianze na ubaya. Kusi si msimu wa kuogelea. Bahari inachafuka, maji yana rangi ya majivu, na mwani unarundikana ufuoni hadi unanuka. Mwenye boti niliyemuuliza habari za kwenda kuangalia samaki wa matumbawe alicheka tu. "Kaka, maji ni machafu, utaona nini? Ngoja kaskazi." Kaskazi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, na ndipo bahari hutulia, maji yakawa kama kioo, na maembe ngowe yakajaa sokoni. Anayetaka kupiga mbizi aje wakati huo, avumilie na joto lake.

Lakini mimi nilikuja kutembea, na kwa kutembea Julai haina mpinzani. Joto limekatwa makali, rasharasha zinapita na kuacha njia zikinukia udongo, na unaweza kuzunguka Mji wa Kale saa saba mchana bila shati kukugandia mgongoni. Nilipita Ndia Kuu polepole, nikisimama kila penye mlango wa nakshi, kisha nikashuka hadi bandari ya zamani. Mzee mmoja aliyekaa kivulini alinieleza kwamba zamani majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Mfanyabiashara aliyechelewa kupakia alibaki hapa hadi upepo ugeuke tena. Ndoa ngapi za mji huu zilitokana na kuchelewa huko, mzee hakusema, ila alitabasamu.

Fort Jesus nayo niliiona kwa jicho hilo la upepo. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani walipoizingira, kuanzia 1696, ilishikilia karibu miaka mitatu, na msaada wa Wareno ulikuwa wa kuletwa na meli kutoka Goa. Meli za mwisho zilipotokea Desemba 1698, ngome ilikuwa imeshaanguka. Ukisimama juu ya ukuta upande wa baharini, kusi inakupiga usoni mpaka macho yanatoa machozi, na mwongozaji analazimika kupaza sauti.

Jioni nilikwenda Mama Ngina, kule mjini wanakokuita Lighthouse, penye mibuyu mikubwa na meli zinazoingia Kilindini zikipita karibu ajabu. Hapo ndipo penye mihogo. Mama wa jiko la makaa aliupasua muhogo wa kuchoma katikati, akaufinyia ndimu, akapaka chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, akaufunga kwa gazeti. Unakula moto moto, ulimi unawaka, na upepo unataka kulichukua lile gazeti. Viazi karai vilifuata, vimevikwa unga wa rangi ya manjano na kumwagiwa ukwaju. Dafu nikashushia.

Samaki usimkatie tamaa. Wavuvi wenye ngalawa hawathubutu kuvuka mwamba kusi ikikaza, kwa hiyo nguru ni adimu na bei yake imepanda, ila tafi na changu wa ndani ya mwamba wapo. Mimi nilikula changu wa kupaka kwa wali wa nazi kwenye mkahawa mdogo wa Kibokoni, nikaongeza sahani bila kuona haya.

Ukienda majira haya, beba koti jepesi la jioni. Feri ya Likoni kwa waendao kwa miguu ni bure, na asubuhi ukivuka, kaa upande usioelekea baharini kama hutaki kufika ng'ambo umelowa.