Kipande cha babu

Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu hapa Mtama, kando ya barabara iendayo Masasi. Ukitaka kujua pesa za Lindi zinatembeaje, njoo ukae nami Juni na Julai wakati wa ufuta, urudi tena korosho zikianza Oktoba. Malipo ya mnada yakishaingia kwa wakulima, keshi inaniishia kabla ya saa nne asubuhi. Floti imejaa kwenye simu, noti hakuna. Ikifika Februari, wengine kati ya haohao wanakuja kuniomba elfu mbili ya dagaa.

Hilo ndilo lililonifanya nianze kufuatilia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako watu wengi huchanga pesa na meneja akawawekezea, kisha nikanunua vipande, yaani sehemu yangu, kwenye mfuko wa Hati Fungani wa UTT AMIS, kampuni ya serikali. Hati fungani ni hati ya kuikopesha serikali au kampuni kwa riba. Julai iliyopita nilimwonyesha babu yangu mzaa mama ujumbe kwenye simu: idadi ya vipande vyangu na bei ya siku hiyo. Babu anakaribia miaka 90. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kipande? Wamewarudishia kipande?"

Ujanani alikata mkonge kwenye shamba la Kikwetu. Kipande anachokijua yeye ni ile kadi ya visanduku 30. Ukimaliza kazi ya siku, mnyapara anatia alama kwenye kisanduku kimoja. Asiporidhika na mafungu yako, huna alama, na siku imekwenda bure. Mshahara ni mpaka visanduku vyote vijae.

"Sasa hiki chenu, mjukuu wangu, nani anatia alama?"

Ilibidi nivute kiti. Nikamweleza kwamba meneja wa mfuko ndiye anayeamua pesa zinunue nini, lakini mali yenyewe haikai mikononi mwake, inatunzwa na benki. Kuna mkaguzi wa hesabu, na leseni inatoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Babu akatikisa kichwa. "Kwa hiyo mnyapara hashiki kalamu peke yake."

Sijasikia mtu akiueleza mfuko vizuri zaidi ya hapo.

Mfuko wa Umoja, nao wa UTT, ulipoanza 2005, kujiunga kulikuwa habari ya fomu na foleni. Leo mtu anaongeza vipande kwa simu akiwa shambani, na huu wa Hati Fungani unaanza na Sh 50,000. Kwa watu wa huku, ambao pesa inawajia kwa msimu, ni neema. Lakini simu hiyohiyo ndiyo mlango wa matapeli. Mteja wangu mmoja, mama wa watoto wanne, aliweka pesa yake yote ya ufuta kwenye programu iliyomwahidi kuizidisha mara mbili kwa mwezi. Mimi ndiye niliyemfanyia muamala, nikidhani anamtumia ndugu yake. Wiki ya tatu programu haikufunguka tena. Kwenye kioo cha simu, ule utapeli na mfuko wenye leseni vinafanana kabisa: namba inapanda, rangi ya kijani, neno "faida". Babu aliuliza kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele yake. Yule mama hakuwa na wa kumuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nawasihi wasimamizi wa mifuko waje ghalani siku za mnada, wakae na watu, wajibu maswali. Waseme pia kwamba faida hushuka. Hatifungani ya serikali ya miaka 20 ilikuwa ikilipa asilimia 15.49 kwa mwaka; 2022 zile mpya zikateremshwa hadi 12.10, na pesa mpya iliyoingia kwenye mfuko wakati huo ikanunua kwa kiwango hicho kipya. Mkulima aliyezoea bei ya korosho kupanda na kushuka ataelewa hilo upesi. Wapo pia wateja wangu wengi wasiotaka riba. Mifuko inayofuata sharia ipo, lakini huku haijaletwa mtu wa kuieleza.

Jumapili moja Agosti, baada ya misa Nyangao, babu alikuja kibandani na noti zake kwenye mfuko wa plastiki. Tukahesabu mara mbili, tukatazama namba ya malipo mara tatu. Ujumbe ulipoingia, hakuutaka wa simu. Akanipa daftari la shule.

"Nichoree visanduku," akasema.

Nikachora 30. Cha kwanza akakitia alama mwenyewe.