RAID ikizingua, kwanza toa mkono kwenye kitufe cha ribildi

Wateja wanaoniletea boksi za NAS, yale ya diski kadhaa ya kutunzia mafaili kwenye mtandao wa ofisi, karibu wote huwa na swali moja, "fundi, si tuliambiwa hii ina RAID, diski ikifa data zipo?" RAID ni kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, na ndiyo, data zipo, diski moja ikifa. Shida boksi likifika kwangu zimeshakuwa mbili, na ya kwanza ilikufa kitambo sana ila kuna mtu aliuzima ule mlio wa tahadhari kwa sababu unasumbua ofisini.

Majuzi ilikuja ya studio ya video za harusi, hapa hapa Dar, diski nne za TB 4 kwenye RAID 5. Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo, RAID 5 inakata data vipande inavisambaza kwenye diski, halafu kila mstari kipande kimoja kinakuwa cha pariti, yaani hesabu ya XOR (ukihesabu zile 1, zikiwa shufwa jibu ni 0, zikiwa witiri jibu ni 1). Chukua 1, 0, 1, pariti yake ni 0. Diski ya katikati ikiondoka unabaki na 1, 1 na ile 0 ya pariti, unapiga hesabu ile ile unapata 0 yako imerudi. Ndo maana nne za TB 4 zinakupa TB 12 na sio 16. Zikienda mbili sasa, hesabu haina pa kushika. Na wala haikulindi ukifuta folda mwenyewe, inafuta kwa utii kabisa.

Ila mimi naona diski zenyewe haziui data nyingi hivyo, kinachoua ni yale mtu anayoyafanya nusu saa ya kwanza baada ya taa nyekundu. Anachomoa diski zote bila kuandika namba ya nafasi, anarudisha kwa kubahatisha, boksi linauliza "niandae diski upya?" anabonyeza ndiyo. Au kapata ushauri mtandaoni apige mdadm (programu ya Linux ya kusimamia RAID) na create, amri ya kuunda RAID upya, sasa create ukikosea mpangilio wa diski inaanza kuandika pariti mpya juu ya data yako, na hata ukipatia mpangilio, toleo jipya la mdadm linaweza kuanzia data sehemu tofauti na lile la zamani, kwa hiyo kila kitu kinakaa upogo. Halafu wapo wa kuweka diski kwenye friza. Jamani, ule unyevu unaishia juu ya sahani za diski, acheni.

Na ribildi nayo, yaani kuijaza diski mpya kwa kukokotoa yaliyokuwa kwenye ile iliyokufa, kwenye diski zilizochoka ni kamari. Ikianza inabidi diski tatu zilizobaki zisomwe mwanzo mpaka mwisho, TB 12 nzima, wakati kwenye karatasi za diski nyingi za kawaida imeandikwa kosa moja la kusoma kwa kila biti 10^14, ambayo ni kama TB 12.5. Kiuhalisia nyingi zinafanya vizuri kuliko hapo, sawa, lakini hizi zilinunuliwa siku moja duka moja na zimezunguka masaa yale yale, kilichoua ya kwanza kinaweza kuwa kiko njiani kwa wenzake.

Kwa hiyo mimi cha kwanza ni kopi. Kila diski sekta kwa sekta (vile vipande vidogo vya diski) kwa ddrescue, programu ya kukopi diski mbovu, kwenye diski nyingine, na hapo ndo mteja anaguna kwa sababu ananunua diski kabla hajaona hata picha moja. Ddrescue naipenda kwa sababu haing'ang'anii, inachota kwanza penye uzima, penye ubovu inaruka, halafu inarudi kukwangua taratibu, na kila hatua inaandika kwenye faili la ramani, umeme ukikatika (na utakatika) unaendelea ulipoishia.

Kopi zikiwa tayari naangalia kwa mdadm na examine, amri ya kusoma taarifa za RAID zilizo kwenye diski. Kila diski ina kaunta inaitwa Events, inayopanda RAID ikibadilika, na saa ya mwisho kuandikwa, na hapo siri zote zinatoka. Kwa hawa jamaa diski mbili zilikuwa sawa, ya tatu iko nyuma kidogo tu, ya nne iko nyuma miezi. Hiyo ya miezi ndo ilikufa kwanza, ukiichanganya na wenzake unapata takataka, inakaa pembeni. Ile ya nyuma kidogo wala haikuwa maiti, ilikwama kwenye sekta mbovu ikahangaika mpaka mfumo ukachoka kusubiri ukaitupa nje, Linux kwa kawaida inasubiri sekunde 30 tu na diski za kompyuta za mezani zinaweza kuhangaika zaidi ya hapo, za NAS zinakata tamaa mapema kama sekunde 7 hivi kwa makusudi.

Basi nikaunganisha tatu kwa assemble na force, yaani mdadm iziunganishe kwa lazima, juu ya kopi, na juu ya kopi nikaweka tabaka la dmsetup, chombo kingine cha Linux, ili chochote kinachoandikwa kiende faili la pembeni, nikafungua kwa kusoma tu. Folda zikatokea zote.

Yalibaki mashimo, zile sekta ambazo ddrescue ilishindwa, na kwenye RAID 5 iliyopungukiwa diski moja, shimo moja linaweza kuharibu sehemu mbili, pake penyewe na pale palipotakiwa kukokotolewa. Sasa ile diski ya miezi ndo ikapata kazi. Mstari ambao haujaguswa tangu itoke bado inalingana nao, kwa hiyo kwa sekta hizo nilipiga XOR ya diski ya zamani na zile mbili nzima, kwa programu fupi niliyoandika kwa lugha ya Python, shimo likajaa, nikawa nacheki video inacheza au la.

Harusi za zamani zikatoka safi. Za karibuni, zilizoandikwa baada ya ule mlio kuzimwa, chache zina sekunde zinazoganda, na moja ndo hiyo bwana harusi alikuwa bado hajachukua mzigo wake. Studio wanaongea naye wenyewe.