Jinsi nilivyotatua SSH kuganda kwenye tableti ya mfukoni

Tableti ya inchi 7, Termux (programu ya Android inayokupa terminal ya Linux), laini ya simu. Ukiwa ndani ya basi la mwendokasi Dar es Salaam, kati ya Kimara na Kivukoni, SSH (njia ya kuingia na kuandika amri kwenye seva ya mbali) inaganda: herufi hazionekani, na kioo kikizimika dakika chache kikao kinakufa, pamoja na kazi iliyokuwa inaendelea kwenye seva.

Nilijaribu kubadilisha laini, bila mafanikio. ServerAliveInterval 30 (mpangilio wa SSH wa kuipigia seva hodi kila sekunde 30) ilisaidia tukiwa tumetulia sehemu moja tu, kwa sababu anwani ya IP ikibadilika, muunganisho wa TCP, ambao SSH inautumia, hauwezi kuhama nayo.

Dawa ni Mosh, programu ya kuingia kwenye seva kama SSH, ila kikao chake hakikatiki IP ikibadilika. Iweke pande zote mbili: kwenye tableti `pkg install mosh`, kwenye seva ya Ubuntu `sudo apt install mosh`. Hapa ndipo wengi wanakwama, maana Mosh inaingia kwanza kwa SSH, poti (mlango wa mtandao) 22, kisha inahamia UDP, njia ya kutuma data tofauti na TCP. Ukiwa umefungua 22 pekee, nywila inakubaliwa halafu kimya. Kwa hiyo, fungua poti za UDP kwenye ukuta wa moto wa seva (ufw), kisha unganisha kutoka kwenye tableti:

`sudo ufw allow 60000:60010/udp`

`mosh -p 60000:60010 jina@seva`

Kila kikao kinachukua poti moja, hivyo hizo 11 zinatosha. Seva ya kukodi mara nyingi ina ukuta wa moto mwingine kwenye paneli ya mwenye seva. Fungua huko pia, UDP, siyo TCP.

Mosh haihifadhi maandishi yaliyopita juu, kwa hiyo ndani yake fungua tmux, inayoyahifadhi kwenye seva: `tmux new -A -s kazi`. Kwenye tableti, tumia `termux-wake-lock` kabla ya kuanza, ili isilale kioo kikizimika.