Jiwe jeusi lenye vitundu

Yaani ukiokota basalti, lile jiwe jeusi la volkano, uiangalie kwa karibu mara nyingi utaona vitundu vidogo vidogo, hiyo ni gesi ilikuwa inatoroka wakati lava inaganda, na lava yenyewe ilikuwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi za Selsiasi! Ikishatoka juu inapoa fasta, fuwele zinakosa muda wa kukua ndo maana chembe zake huzioni kwa macho. Magma ileile, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipoa taratibu chini ya ardhi inakuwa jiwe linaloitwa gabro, fuwele kubwa kabisa. Ila mi obsidiani, jiwe lingine la volkano, ndo inanimaliza, ina silika nyingi (ile ya kwenye mchanga na kioo), inaganda kama kioo. Pamisi nayo, jiwe la volkano pia, mapovu matupu, mpaka inaelea majini. Halafu sakafu ya bahari, chini ya matope, karibu yote ni basalti na bado inatengenezwa hadi leo pale mabamba ya ganda la dunia yanapoachana.